Kupeleka koli kwa moto: ni kazi ya kweli ao ni kujitafutia deni?

Bunia, Butembo, Goma, Bukavu: kila siku unaona moto inapita bila abiria, nyuma kumefungwa sanduku ao mufuko. Ni koli inaenda kwa muteja. Mama anauza viatu ao vitenge kwa WhatsApp, muteja analipa kwa M-Pesa ao Airtel Money, kijana wa moto anafikisha mali. Vijana wengi waliomaliza masomo na kukosa kazi wanajiuliza kama hii ni njia ya kuishi. Jibu iko ndani ya hesabu, na ndani ya swali moja: mambo yakiharibika, nani analipa?

Kubeba mali ya watu si kazi mupya kwetu. Huko Goma chukudu zimebeba mizigo miaka na miaka, na mashua za Ziwa Kivu zinapokea vifurushi vya watu. Kipya ni kwamba soko imeingia ndani ya simu, lakini nyumba zetu nyingi hazina namba. Anwani ni "nyuma ya kanisa, mulango ya buluu." Mutu anayejua njia zote za kartie ndiye anaweza kufika. Hiyo njo kitu mumotari anauza: anajua muji, na watu wanamuamini.

Sasa hesabu. Tuchukue mufano tu, kila mutu ataweka bei ya muji wake. Kijana anapeleka koli 12 kwa siku, kila moja franka 3.000. Anapata 36.000. Moto si yake, kwa hiyo anatoa versema ya 15.000 kwa mwenye moto. Mafuta ni 9.000. Anaweka 3.000 pembeni kwa ajili ya pneu na matengenezo. Inabaki 9.000, mbele ya kula na kununua uniti za kuitia wateja. Siku ya mvua anapeleka koli 7: anapata 21.000, anatoa versema 15.000 na mafuta 6.000. Inabaki sifuri. Wakati viongozi wanakataza moto kutembea usiku, saa za kazi zinapunguka, lakini versema haipunguke.

Kuna pia pesa ya simu. Huko Goma benki zilifunga milango Januari 2025, na watu wengi wamebaki kulipana kwa simu. Lakini kama muuza mafuta ao fundi wa garaje anataka pesa mukononi, kutoa ile pesa kuna malipo yake. Pesa inayoonekana kwenye simu si pesa yote inayofika nyumbani.

Tena kuna hatari ambayo wengi hawahesabu. Simu ya muteja ikivunjika njiani, muuzaji anamugeukia mumotari. Muteja akikataa mali iliyokuwa ya kulipwa kwa kufika, safari ile inakuwa ya bure. Mubaya zaidi: koli iliyofungwa, haujue ndani kuna nini. Katika eneo letu lenye vita na bariyeri nyingi, kitu kilichokatazwa kikikutwa nyuma ya moto, wa kwanza kukamatwa ni dereva, hapana mwenye kutuma.

Sheria inasema nini? Asiransi ya vyombo vya moto ni lazima tangu sheria ya 5 Januari 1973. Tena sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamuachia mufanyakazi asiye na mukataba wa maandishi nafasi ya kuonyesha kwa njia ingine kwamba anafanya kazi kwa mutu. Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp, risiti za pesa ya simu na daftari ya kila siku si karatasi za bure. Usizifute.

Basi, mutu anayefikiri kuanza aulize mambo matatu mbele ya kushika funguo. Moja: versema inakuwa ngapi siku ya mvua, ya ugonjwa ao ya muji kufungwa? Mbili: mali ikipotea ao ikivunjika, nani analipa, na mupaka wapi? Tatu: nina haki ya kuangalia ndani ya koli mbele ya kuibeba? Mwenye moto ao muuzaji akikataa kujibu, yeye amekwisha kujibu.

Kazi hii inaweza kulisha jamaa, zaidi kama moto ni yako ao kama wamotari wanaunga likelemba kununua moja baada ya ingine. Lakini kwa yule anayebeba versema, mafuta na hasara peke yake, koli iliyo nzito zaidi ni ile haionekane nyuma ya moto.