Mtoto mchanga kwenye meza ya upasuaji: pumzi kwanza, kisu baadaye

Mtoto mchanga hafai kulazwa kwa dawa ya usingizi mahali pasipo chombo cha kupima oksijeni, maski inayoenea uso wake na mtu aliyefundishwa asiyetoka pembeni yake. Hilo si jambo la kungojea wafadhili. Ni sharti la kwanza la upasuaji.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kwa kila kilo ya uzito, anatumia oksijeni karibu mara 2 ya mtu mzima, na akiba yake mapafuni ni ndogo. Akiacha kupumua, oksijeni inashuka haraka na moyo unaanza kupiga polepole. Njia yake ya hewa ni nyembamba: uvimbe wa milimita 1 kuizunguka unaweza kuziba zaidi ya nusu yake.

Ndiyo maana mambo madogo yanaokoa maisha. Kichwa cha mtoto ni kikubwa. Akiwekewa mto kama mkubwa, shingo inapinda na hewa inazibwa. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega kinasaidia kuinyoosha. Vidole vya anayeshika maski vikae kwenye mfupa wa taya. Vikibonyeza nyama laini chini ya kidevu, vinasukuma ulimi na kuziba koo.

Wengine watasema pesa hakuna, umeme unakatika. Ni kweli, na wauguzi wanaofanya kazi hiyo katika hospitali nyingi za Kongo hawastahili lawama. Lakini mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono hauombi umeme, na chombo cha kupima oksijeni kinaweza kutumia betri. Shirika la Afya Duniani lilikiweka kwenye orodha yake ya usalama wa upasuaji tangu mwaka 2008.

Wazazi nao waseme ukweli. Mama anayemnyonyesha mtoto kwa siri kwa kumhurumia anamhatarisha, maana maziwa yanaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mafua yasifichwe: koo linaweza kujifunga ghafla. Aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuacha kupumua hata saa kadhaa baada ya upasuaji, hivyo familia isiharakishe kurudi nyumbani.

Viongozi wa afya wanapenda kuzindua majengo mapya. Kabla ya kukata utepe, wafungue kwanza kabati la chumba cha upasuaji na kuuliza: maski ya mtoto mchanga iko wapi?