Bolti ya Breki Si Mahali pa Kubania Pesa



Naomba nafasi katika ukurasa huu nizungumzie kitu chenye urefu wa kidole, yaani bolti zinazoshika breki za gari. Wengi wetu tulio na magari makuukuu huyafungua wenyewe uani siku ya Jumapili, kwa sababu mshahara hauturuhusu kwenda gereji kila mara. Jambo hilo silaumu, kwani mimi pia ni mmoja wao. Ninalolaumu ni mazoea yetu. Tunanunua pedi mpya, tunanunua mafuta mapya ya breki, halafu bolti zilizotoka zinarudishwa vile vile, na kutu yake na vumbi lake, bila hata kutazamwa. Ukimwuliza mtu, anakujibu kwamba chuma ni chuma. (Hapa kwetu Bujumbura wengi husema feri na bulo. Nimeandika breki na bolti ili ndugu zetu wa Kigoma na Dar es Salaam wasome bila taabu.)

Mwaka jana nilibadilisha pedi za mbele za Corolla yangu, kijana wangu akinishikia taa. Bolti moja ndogo ya chini, ile inayoifunga kalipa kwenye pini yake, ilikuwa inazunguka bila kukaza. Niliisikia mkononi. Nikaongeza nguvu kidogo, nikasema itashika.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Kayanza, mimi na mke wangu, watoto wawili na gunia la viazi. Karibu na Bugarama nikasikia mlio kwenye gurudumu la kushoto, ngo, ngo, ngo. Mimi nilitaka kuendelea maana giza lilikuwa linaingia. Mke wangu ndiye aliyekataa. Nilipotoa gurudumu nikakuta bolti ile haipo. Kalipa ilikuwa inaning'inia kwa bolti ya juu peke yake, na ilikwisha anza kukwaruza rimu.

Anayeijua Barabara ya Taifa namba 1 hahitaji maelezo. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inateremka kona kwa kona mpaka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika ambalo liko kama mita 770, na umbali wenyewe haufiki kilomita 40. Humo humo barabarani wamo vijana wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli, na wengine wanaopanda wakiwa wameshikilia malori kwa nyuma. Breki ikishindwa pale, anayekufa kwanza huenda asiwe mwenye gari.

Tangu siku hiyo nimesoma vitabu vya matengenezo na kuwauliza mafundi wa Buyenzi, watu wanaoijua kazi yao. Nimeona kwamba tunakosea pande mbili. Wako wanaorudisha kila bolti, na wako wanaotishwa na muuza spea mpaka wakanunua zote. Wote hawa hawajui bolti inafanya kazi gani.

Bolti inapokazwa hurefuka kidogo sana, kama mpira unaovutwa, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana vyuma viwili pamoja. Bolti ya kawaida ikikazwa kwa kipimo chake, siku ya kufunguliwa inarudi urefu wake wa zamani na inaweza kutumika tena. Lakini zipo bolti zilizotengenezwa zivutwe kupita kiwango hicho. Hizo hukazwa kwa kipimo fulani, halafu huzungushwa tena kwa nyuzi kadhaa za pembe. Zikishavutwa hivyo hazirudi tena, na kazi yake ni mara moja tu. Magari mengi ya Kijerumani yanadai bolti mpya sehemu kadhaa za breki, ama kwa sababu hiyo, ama kwa sababu bolti huja na gundi kavu ya rangi kwenye meno ambayo ikifunguliwa imekwisha kazi. Vitabu vya magari mengi ya Kijapani huruhusu bolti za kalipa kurudishwa kama ni nzima. Kwa hiyo neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako. La jirani halitoshi, na langu pia halitoshi.

Kuwa nzima maana yake ni nini? Isugue kwa brashi ya waya, kisha uingize nati inayolingana nayo kwa vidole vitupu. Nati iende mpaka mwisho wa meno bila kukwama. Ikikwama katikati, meno yamevutika au yameumia. Ukiona shingo imekuwa nyembamba, kutu imekula chuma au kichwa kimeviringika, usiirudishe. Na ile inayozunguka bila kukaza, kama yangu, usibishane nayo. Tena lichunguze na tundu lake, maana huenda meno yaliyokufa yako huko ndani. Kuna pia vitu visivyohitaji mjadala: washa za shaba za bomba la mafuta ya breki, na pini za kupasua zinazofungia nati. Hivyo ukivifungua, weka vipya.

Kosa jingine ni kununua bolti mpya kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bolti ya milimita 12 ya dukani kwa kawaida ina hatua ya milimita 1.75 kutoka jino hadi jino, lakini kwenye breki za Toyota nyingi hatua hiyo ni 1.25. Ukiilazimisha utaua meno ya tundu, na sasa hasara si ya bolti tena. Tazama pia namba kichwani. Iliyoandikwa 8.8 au 10.9 imeeleza nguvu yake. Isiyo na namba haijaeleza lolote, na kwenye breki haina nafasi. Ama kuchukua bolti ya gari lililovunjwa, huko ni kuacha uzee unaoujua na kuchukua uzee wa mtu mwingine.

Lakini bolti nyingi zinauawa na mikono yetu wenyewe. Katika Corolla nyingi za miaka ya 2000, bolti ndogo za kalipa hukazwa kwa karibu newton-mita 34, na zile kubwa za nyuma yake kwa karibu 107. Tofauti ni zaidi ya mara tatu, nasi tunazikaza zote kwa spana ile ile, tena wengine wanachomeka bomba kwenye mpini na kulikanyaga kwa mguu. Nina hakika ndivyo nilivyoiua bolti yangu miaka ya nyuma, nikijisifu kwamba nimekaza barabara.

Spana ya kupimia nguvu ni ghali kwa mfanyakazi mmoja, sikatai. Kwa watu kumi si ghali. Napendekeza kila tawi lenye wanachama wanaomiliki magari lichange na kununua moja, ikae ofisini na iandikwe kwenye daftari anayeichukua na siku ya kuirudisha. Sisi wa mtaa wetu tumekwisha fanya hivyo, watu saba, na kila Jumapili inatoka.

Usiku ule wa Bugarama gari tuliliacha kwa mwenyeji mmoja, tukashuka kwa basi na gunia letu la viazi. Asubuhi nilikwenda Buyenzi nikapata bolti mpya ya aina yake, nikanunua na ya pili kwa ajili ya upande wa kulia. Bei ya zote mbili haikufika nauli tuliyolipa usiku ule.