Tuwatembelee Wazee Wetu

Wanafunzi wenzangu, huku Kitui na Makueni mvua ikikosa, vijana hushika njia ya Nairobi na Mombasa. Wazee wanaobaki peke yao, ni nani huwatekea maji? Mimi nasema ni sisi, tena kila wiki, si Krismasi tu na kilo ya sukari.

Wengine watasema, "Wacha bwana, sisi tuko na mtihani!" Hata mimi nilisema hivyo. Kisha nikaanza kumpelekea susu mmoja jirani yetu mtungi wa maji kila Jumamosi. Nilidhani ninamsaidia. Kumbe! Yeye ndiye aliyenisimulia njaa ya 1984, Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika: pesa ziko mkononi, chakula cha kununua hakuna. Alinifundisha pia kuchanganya mbegu za kunde na majivu zisiliwe na wadudu. Nikikosa kwenda, huniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, huwafaa wenye miaka 70 na zaidi. Lakini pesa haziongei na mtu jioni. Wenzangu, twendeni!