Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

 

Msikiti tulioupandia uko katika safu za milima ya Kipengere, magharibi ya mji wa Njombe, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Huko mwezi wa Juni maji ya kutawadha huuma vidole, na wazee huswali Alfajiri wamejitanda mablanketi. Msikiti ni mzuri, una bati jipya na kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili kwa Kiarabu, ambacho hakuna mtu kijijini awezaye kukisoma. Mwalimu hapana. Wa mwisho alikuwa kijana wa pwani, akakaa miezi miwili, baridi ikamshinda.

Sisi tulikwenda na vipaza sauti, wahadhiri wawili na katoni ya vitabu. Baada ya Adhuhuri tulimwita mbele mtoto mmoja tuliyemkadiria kuwa na miaka minne, tukitaka kumfundisha Fatiha mbele ya watu ili wazazi wapate hamasa. Baba yake akatusahihisha kwa upole kwamba mwanawe ana miaka saba. Tukatazama waliobaki waliokaa mkekani, na hapo tukaanza kuhesabu upya umri wa kila mmoja wao. Yaliyotokea baadaye katika mhadhara ule hatuyakumbuki sana.

Msomaji asidhani kwamba tulifika nchi ya njaa. Njia nzima tulipishana na malori ya viazi mviringo na mahindi yakiteremkia Makambako. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo inayotajwa kila mwaka kuwa ghala la taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba kati ya watoto walio chini ya miaka mitano, waliodumaa katika Mkoa wa Iringa ni karibu 57 kwa kila 100, na Njombe ni 50, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 30. Nchi inayolisha wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao! Na udumavu si ufupi wa kimo peke yake, kwani huathiri ukuaji wa ubongo, na sehemu kubwa ya madhara yake hupatikana katika siku 1000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Hapa sisi walimu wa madrasa tuna la kujibu. Ni mara ngapi tumesema juu ya mtoto kwamba ni mzito wa kuhifadhi, na wengine wetu tukamchapa kwa hilo?

Sababu ziko wazi kwa mwenye kukaa kijijini siku tatu. Mvua za huko ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, na katika miezi hiyo mama haonekani nyumbani. Hutoka alfajiri kwenda shamba la mbali, na mtoto mchanga huachwa kwa dada yake mwenye miaka minane, akipewa uji mweupe wa mahindi usio na maziwa wala karanga. Maharage yamo ndani, kuku wanataga, pengine na ng'ombe anakamwa. Lakini maharage ni ya kuuza, mayai ni ya kuuza, na maziwa ni ya kuuza. Fedha hupokewa na baba, na baadhi ya akina baba (tuseme kweli, hata wenye majina ya Kiislamu) huipitisha kilabuni kabla haijafika nyumbani. Kliniki nako mtoto hupimwa uzito, mstari wake ukaangukia kwenye kijani, mama akarudi na furaha, wala hakuna aliyempima kimo.

Kisha kuna ulanzi. Maji ya mwanzi yakigemwa leo ni matamu, na wapo wanaompa mtoto kama kinywaji cha kushibisha. Tuliulizwa hukumu yake. Tukajibu kama tulivyosomeshwa, kwamba kinywaji ni halali maadamu hakijachachuka kikafikia kulevya. Jawabu ni sahihi kifiqhi, lakini halikufaa kuishia pale, kwani ulanzi hauchukui muda mrefu kugeuka, na hata ule mtamu hauchukui nafasi ya maziwa. Mufti anayejua hukumu ya kinywaji asijue hali ya tumbo linalokinywa amejibu nusu ya swali.

Kunyonyesha miaka miwili kamili kumetajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 233, na aya hiyo hiyo imemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Mara nyingi tunaisoma katika darasa la talaka na kuiacha huko. Wanahistoria wetu, akiwemo Ibn Saad, wamepokea kisa cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Alikuwa akilinda usiku msafara uliotua Madina, akasikia mtoto analia, akamwendea mama yake mara kwa mara, na mwishowe mama akamwambia, bila kumjua, kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya. Umar akaswalisha Alfajiri hali kilio kimemzidi hata kisomo chake hakisikiki vizuri. Kisha akaamuru posho itolewe kwa kila mtoto wa Kiislamu tangu kuzaliwa, na amri ikapelekwa majimboni. Hakumlaumu mama. Aliona kwamba utaratibu wake mwenyewe ndio uliomnyima mtoto maziwa, akaubadilisha asubuhi ile ile.

Wapo ndugu zetu watakaosema kwamba haya ni kazi ya serikali na zahanati, na kwamba kazi yetu ni tauhidi. Tauhidi ndiyo msingi, hilo halina mjadala. Lakini Wamoravian na wamisionari wa Berlin walioingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891 walikaa, wakafungua shule na matibabu, na wajukuu zao katika dini wanakaa mpaka leo. Sisi tunapanda mlima asubuhi, tunateremka Magharibi, kisha tunashangaa kwa nini waliosilimu mwaka juzi hawaonekani tena safuni.

Na mali ipo huko huko. Mahindi ya mvua yana zaka ya sehemu moja katika kumi yakifikia wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria kuwa zaidi ya kilo 600. (Viazi wameikhitalifiana, tuviache.) Mkulima mwenye magunia 30 ya kilo mia mia anadaiwa magunia matatu. Tulipouliza, wanne kati ya waumini kumi na mmoja wa msikiti ule walikuwa wamevuka kiwango, na hakuna aliyewahi kutoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh Yemen alimwelekeza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao na irudishwe kwa mafukara wao. Kwa hiyo tumependekeza kwa kamati ya msikiti wetu wa mjini kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya mnara zisimamishwe, zimlipe mwalimu mmoja mzaliwa wa milimani, aliyezoea baridi, posho ya miaka miwili. Asimamie zaka ya mavuno, na mkewe akae na akina mama juu ya uji wa mtoto.

Kamati imeahirisha shauri hilo mara mbili. Mzee wa kule milimani ametuma salamu kwa dereva wa lori la viazi, anauliza kama tutafika kabla ya mvua, kwani zikianza kunyesha gari halipandi tena hadi Mei.