Wali Uliolala Jikoni

Ni nani kati yetu asiyekula kiporo? Wali ukibaki jioni, asubuhi tunaupasha moto, watoto wanaula kwa chai na kwenda shule. Hatusemi chakula kitupwe. Tunaomba tu tuutazame ule usiku mzima ambao sufuria inakaa jikoni imefunikwa.

Mchele hutoka shambani ukiwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, mwenyeji wa udongoni, aliyejifungia ndani ya ganda gumu. Kuchemka kwa maji hakumuui. Wali ukipoa ukawa vuguvugu, hutoka gandani na kuanza kula. Hana mdomo wala tumbo. Hutoa majimaji yanayouvunja wanga wa wali kuwa sukari, kisha huifyonza sukari hiyo kupitia ngozi yake. Humo ndani huiunguza kwa oksijeni, kama miili yetu ifanyavyo, akapata nguvu. (Wale wa mtindi hawahitaji oksijeni: huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, ndio ule ukali tunaoupenda. Kwa hiyo si bakteria wote walio adui.)

Akiisha kushiba na kukua, hujigawa wakawa wawili. Tuseme hujigawa kila nusu saa, na katika joto linalomfaa aweza hata kuzidi hapo. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mmoja amekuwa zaidi ya milioni moja!

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunasema, "Nitaupasha mpaka utoe moshi." Moto utawaua bakteria, lakini ile sumu ya kutapisha waliyokwisha kuiacha ndani ya wali haiondoki kwa moto wa jikoni. Mtoto hula, na baada ya saa chache anatapika, nasi tunasingizia embe alilookota njiani.

Basi wali ukibaki, tusiuache ndani ya sufuria, maana katikati hukaa vuguvugu kwa muda mrefu. Tuutandaze kwenye sinia upoe upesi, na kabla saa mbili hazijapita uwe ndani ya friji. Tusio na friji tupime mchele wa mlo mmoja, na ukizidi, jirani apelekewe bakuli usiku ule ule, wali ungali wa moto.