Usubi Hapendi Upepo

Kondoo akianza kuchechemea, midomo ikavimba na kamasi ikamtoka puani, wenye mifugo wengi husema ni baridi ya mvua. Sisi twasema mvua ina lawama, lakini si kwa baridi yake. Huenda huo ni ugonjwa wa ulimi wa buluu, nao huenezwa na usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3 tu.

Usubi huzaliana katika tope lenye mavi ya ng'ombe, kando ya bwawa na pale maji ya hori yamwagikapo. Mvua ikinyesha tope huenea, na baada ya majuma machache usubi huwa wengi. Lakini kuwa wengi ni jambo moja, kuruka ni jingine. Mabawa yake ni dhaifu. Upepo wa kutikisa majani na vijiti bila kukoma humfanya atulie majanini, na usiku wa baridi kali hatoki sana. Apendacho ni jioni tulivu yenye joto na unyevu, tangu jua linapokuchwa. (Upepo mkuu wa juu ni habari nyingine: mwaka 2007 ugonjwa huu uliingia Uingereza, na wataalamu walisema usubi walipeperushwa juu ya bahari kutoka bara la Ulaya.)

Kwa hiyo hatukubaliani na desturi ya kujenga zizi bondeni karibu na bwawa, eti watoto wasiende mbali kunywesha. Jenga mlimani kidogo, upepo upitapo. Jioni ikiwa shwari baada ya mvua, ingiza kondoo kabla jua halijatua, tena katika banda lenye kuta na paa. Ua wa miti mitupu haumzuii usubi hata kidogo. Mwenye Merino asichelewe, maana kondoo wa sufi huumia kuliko kondoo wekundu wa Kimaasai. Wala usidanganywe na ng'ombe wako anayeonekana mzima, kwani aweza kuwa na virusi hivyo damuni bila dalili yoyote.

Wengine watasema chanjo yatosha. Chanjo ni njema, ipigwe kabla ya mvua; lakini aina za virusi hivi ni zaidi ya 20, na kinga ya aina moja haizuii zote. Kwa majike wenye mimba, muulize kwanza Afisa wa Mifugo, kwa kuwa chanjo ya virusi hai yaweza kumdhuru mwana-kondoo tumboni.