Adui hatambuliwi kwa pua

Wiki iliyopita, hapa kwetu Golf, mama mmoja aliyekimbia vita alinyimwa chumba. Alikuwa na watoto watatu, mfuko mmoja wa nguo, na pesa ya garanti aliyochangiwa na watu wa kanisa lake. Mwenye parsele alimwangalia usoni, akawaangalia na watoto, kisha akasema: "Mama, chumba kimeshapata mtu." Si kweli. Leo ninapoandika, kufuli lingali mlangoni.

Nilikwenda kumwona mzee huyo kwa heshima, maana ni mtu mzima na tunasalimiana kila asubuhi. Hakunificha. "Mwanangu, haukuona uso wake? Hao ndio wanatumaliza kule Kivu."

Mama huyo ni Mushi wa Walungu. Alitoka Bukavu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini. Alipita Uvira, akapanda boti mpaka Kalemie, akakaa huko miezi, kisha akapanda lori mpaka Lubumbashi. Amemkimbia adui zaidi ya kilomita 1,000, akafika kwetu, nasi tukamwita adui.

Ninaandika kumpinga yule mzee, pamoja na wengi wanaofikiri kama yeye lakini hawasemi.

Sisemi kwamba adui hayupo. Yupo, na tunamjua. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda, elfu tatu hadi nne, wako ndani ya nchi yetu pamoja na M23. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliiambia Rwanda iondoe jeshi lake. Kigali inakana, inasema inajilinda na FDLR, kundi ambalo ndani yake walikuwamo wauaji wa 1994. Desemba 4 marais wawili walitia sahihi mkataba kule Washington. Haikupita wiki, waasi wakaingia Uvira. Anayetaka kutuambia kwamba hayo yote ni mambo ya Wakongo peke yao atafute wasikilizaji wengine.

Lakini nchi yenye jirani mwenye nguvu inapaswa kujiuliza maswali mawili. La kwanza: jirani ametufanya nini? Hilo tunalijibu kila siku, kwenye bisi, sokoni, kanisani. La pili: nani wa kwetu alimfungulia mlango? Hapo tunakohoa na kuangalia pembeni.

Wameksiko hawaangalii pembeni. Kati ya 1846 na 1848 Marekani, jirani yao mwenye watu na mali kuliko wao, iliwapiga vita mpaka jeshi lake likaingia mji wao mkuu. Kwa mkataba wa 1848 walipoteza karibu nusu ya nchi, California ikiwemo. Hawajasahau. Lakini pamoja na jina la jirani wanalikumbuka pia jina la Santa Anna, jenerali na rais wao wenyewe. Ndiye aliyeshindwa katika vita hivyo, na mwishoni mwa 1853 serikali yake ilikubali kumuuzia jirani yuleyule kipande kingine cha nchi. Bei iliishia dola milioni 10.

Sasa sisi. Kongo inaizidi Rwanda kwa ukubwa zaidi ya mara 80. Jirani mdogo namna hiyo alipataje nguvu juu yetu? Lubumbashi inajua jibu, maana tulikuwapo. Aprili 1997 askari wa AFDL waliingia mji huu, na watu walijipanga barabarani kuwapigia makofi. Tulikuwa tumechoka na Mobutu, na hilo linaeleweka. Tarehe 17 Mei Mzee Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais akiwa hapahapa Lubumbashi. Nyuma yake alisimama James Kabarebe, afisa wa Rwanda, ambaye baadaye alipewa kuongoza majeshi yetu yote. Mgeni alikabidhiwa ufunguo wa nyumba, na waliomkabidhi walikuwa Wakongo. Walipogombana, Agosti 2, 1998, vita vya pili vikaanza.

Na tulifanya nini mwaka ule? Tulikamata watu kwa nyuso zao, Kinshasa na hapa Lubumbashi. Majirani waliwaonyesha kidole majirani. Wanawake na watoto walifungiwa kwa sababu ya urefu na umbo la pua. Je, hiyo iliilinda Katanga? Desemba 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa Rwanda na RCD, na maelfu ya watu wetu, askari kwa raia, walivuka mpaka kukimbilia Zambia. Tulikuwa tumeshakagua pua zote za mji, na bado Pweto ilianguka.

Ingekuwa pua inamtambulisha adui, tungemjua Corneille Nangaa mapema. Ndiye aliyeongoza tume ya uchaguzi wa 2018, na leo ni kiongozi wa AFC, muungano ambao M23 imo ndani yake. Ni mtoto wa Haut-Uele. Hakuna mwenye parsele hata mmoja Golf ambaye angemnyima chumba. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nasi tunazidi kukitafuta kwenye nguo za wakimbizi.

Hata jina la M23 linatushtaki. Linatokana na mapatano ya Machi 23, 2009, ambayo serikali yetu ilikubali kuwaingiza waasi wa CNDP ndani ya jeshi, na Bosco Ntaganda akawa jenerali huku Korti ya La Haye ikimtafuta. Korti hiyo ilimhukumu miaka 30 mwaka 2019. Jirani alimsaidia, ndiyo. Nyota za bega alipewa na Kinshasa.

Na mshahara wa askari? Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, rais aliamuru mshahara wa wanajeshi na polisi uongezwe mara mbili. Vizuri. Lakini kama uliweza kuongezwa Machi, kwa nini haukuongezwa kabla ya Januari? Aliyekuwa anakula jasho la askari wa mstari wa mbele wakati huo hakuwa Mushi wa Walungu mwenye watoto watatu.

Mzee wangu, na nyote mnaonisikiliza: hii ni Katanga. Tunajua vizuri mahali njia hii inapoishia. Mwaka 1992 na 1993 tuliwaita ndugu zetu wa Kasai "bilulu", wadudu. Tuliwatoa kwenye nyumba na kazi, wakalala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi walikufa pale na njiani. Wakati ule pia walikuwepo wakubwa waliotuambia kwamba jirani wa mlango wa pili ndiye anayetula. Wakasai waliondoka. Je, umaskini uliondoka nao? Gécamines ilipona? Leo tunaoana nao, tunazika nao, na ile aibu hatuitaji.

Chuki ya uso inawafaa watu wawili tu. Inamfaa jirani mwenye nguvu, kwa sababu anasema mbele ya dunia: "Mnaona, wanawawinda watu wetu, lazima tuwalinde." Kila mtu anayepigwa Kongo kwa sababu ya pua ni hoja tunayompelekea Kigali bure. Na inamfaa mkubwa wetu aliyekula pesa ya jeshi, kwa sababu sisi tukiwa tunakagua wapangaji, hakuna anayemkagua yeye.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Chumba kipangishwe kwa kitambulisho na pesa, kama tunavyofanya kwa mtu yeyote. Mwenye shaka aende kwa shefu wa kata, asijifanye korti. Wabunge wetu wa Haut-Katanga watuambie hadharani pesa ya jeshi imetumikaje, maana wanakuja kuomba kura hapahapa. Na kila Agosti 2, siku tunapokumbuka wafu wetu wa vita hivi, tusome majina ya wageni waliotuua pamoja na majina ya Wakongo waliowafungulia mlango.

Kwenu mama na baba mliotoka Goma, Bukavu, Uvira, Masisi: mlipokewa vibaya na baadhi yetu, na ninaona haya. Msifiche mlikotoka. Simulieni mliyoyaona, kwa sababu ninyi mnamjua adui kuliko sisi.

Yule mama kwa sasa analala kwenye sebule ya mjane mmoja wa Kasai, avenyu mbili kutoka kwangu. Mjane yule hakumuuliza kabila. Alimwambia tu: "Ingia, bukari iko tayari. Nami nilishalala stesheni."